Nilimpiga Kibet Siku Tuliyokuzika

Mwas, rafiki yangu,

Nilimpiga Kibet kwenye mazishi yako. Nilimpiga na maikrofoni, kwa mdomo, mbele ya pasta na mama yako, na sijutii hata kidogo. Ungekuwepo ungenishika mkono useme, "Kiptoo, wachana naye bana." Sasa haupo, na hakuna mwingine wa kunishika.

Si unajua vile matanga ya huku huenda. Mtu akishaleta kreti za soda na kuvaa suti, MC lazima ampe nafasi aongee. Kibet alileta soda. Akasimama kwa cheo chake cha kiongozi wa wanafunzi, akajifuta macho makavu, akasema alikupenda kama ndugu, ila presha ya masomo ilikuzidi ukarukwa na akili. Ati masomo! Wewe uliyenifundisha hesabu mpaka nikashika!

Damu ikanipanda. Nikaona tena ile saa saba ya mchana pale hosteli ya West Indies, habari zimeisha kwa TV na siasa zimeanza. Ulisema tu kwamba kura ya mtu ni yake. Basi. Kibet akakuita doadoa, yaani mgeni wa kufutwa, akasema watu wa kabila lenu wako Eldoret kwa hisani yetu, na wewe uliyezaliwa Munyaka, papo hapo mjini, ukacheka, ukidhani ni utani. Ndipo akang'oa mguu wa benchi, yeye na wenzake wakakuvamia. Nilikulalia juu nikukinge, wakanivunja jino, lakini walikuwa wengi. Na walikuwa watu wangu, Mwas, wakinitukana kwa lugha ya mama yangu huku wakikukanyaga.

Mbavu zilipona. Wewe hukupona. Ukisikia mlango ukigongwa, unaruka. Ukaacha kula, ukaacha darasa, ukaniambia unasikia viatu vyao hata ukiwa kanisani. Ofisi ya ushauri pale chuoni ikakuambia usamehe na uombe. Nilipiga mlango wao teke. Kisha asubuhi moja mama yako akanipigia simu, akilia tu bila maneno, nikajua umejitoa uhai. Woi, Mwas. Nilikukasirikia sana. Bado nimekukasirikia.

Basi nikamnyang'anya Kibet maikrofoni, nikampiga nayo, nikawaambia watu wote pale kaburini nani alikupiga na kwa nini. Viti vikarushwa, nguzo ya hema ikapinda, mjomba wako akachukua jembe la kukufukia akamwinulia Kibet. Mama yako akajitupa katikati yao. "Si leo! Msimwage damu kwa shimo la mtoto wangu!" Jembe likaanguka. Kibet akatorokea kwa mahindi, suti ikiwa na damu mpaka kifuani. Mama akanigeukia, akaniambia nianze mwanzo, polepole, asikie yote. Hakuwa anajua. Ulikuwa umemwambia ulianguka na boda.

Sasa chuo kimeita kikao kesho kuhusu kifo chako. Baba yangu, kule kwetu Kaptagat, amesema nikimshtaki Kibet, mtoto wa ndugu yake, kwa ajili ya mgeni, nisikanyage boma lake tena. Nikamjibu kwamba huyo mgeni alikula ugali kwa meza yake na kumkamulia ng'ombe wake. Akanizaba kofi, la kwanza tangu nivunje sauti. Mama yangu akageuza uso, akaendelea kupepeta maharagwe.

Nimebeba nguo zangu nikahamia kwenu. Nalala kwa kitanda chako, na mama yako ameniwekea blanketi mbili kwa sababu Julai ya mwaka huu ni baridi kali. Naogopa, sitakudanganya. Kuna mtu amenitumia picha ya panga kwa simu. Nimemwonyesha mama yako, akaiangalia, akaniambia ninywe chai kwanza.

Pumzika, rafiki yangu. Mimi siwezi kupumzika bado. Kesho watasema ulikuwa na wazimu, na ati wazimu hauna mwenyewe, hakuna wa kulaumiwa. Nitasimama mbele yao wote niwaambie ulikuwa unaogopa watu, na watu hao wana majina.

Wako,
Kiptoo