Tundu la Msumari

Ziwani, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Kaka yangu Ndambuki,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba joto la huko Turkana limepungua kidogo, maana mara ya mwisho ulisema hata maji ya kunawa asubuhi hutoka bombani yakiwa moto kama ya chai. Mimi ni mzima. Mama, Mwaitu wetu, naye ni mzima, ila goti lake linamsumbua kwa sababu ya kazi fulani aliyojipa, na kazi hiyo nitakueleza baadaye. Ameniagiza nikuulize kama unakula. Nilimwambia mtu mzima kama wewe hawezi kukosa kula. Akasema niulize tu.

Nimekuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na kwa sababu mengine sitaki yapite kwenye simu. Ndete, jirani yetu anayeendesha lori la unga hadi Lodwar, ameahidi kuikabidhi barua hii mkononi mwako wala si kwa mtu wa getini. Isome kwanza ukiwa peke yako. Baadaye ukitaka kumsomea mtu, msomee.

Hapa mambo mengi ni yale yale. Chekechea wameongeza watoto, kwa hiyo sasa napika uji kwenye sufuria ile kubwa, na mwiko umekuwa mfupi. Awuor wa mlango wa pili bado anauza samaki na bado anagombana na kila anayemwomba apunguze bei. Viatu vya ndugu yetu Wathome viko chini ya kitanda. Juzi nilivipiga rangi vikang'aa, kisha nikavirudisha pale pale.

Uliondoka mazishini kwake mapema, na mengi hukuyasikia. Acha niyaeleze kama nilivyoyaona mimi, kwa sababu najua wewe umeelezwa na askari wenzako.

Ijumaa ile ndugu yetu alikuwa anatoka kazini Eastleigh, kwenye duka la mapazia la Hirad. Polisi walikuwa wameegesha lori kando ya barabara wakichukua vijana. Akawaonyesha kitambulisho. Wakamwambia hicho wamekiona, sasa atoe kingine. Aliwauliza kosa lake ni nini, na mmoja wao akamjibu kwamba kosa lake ni mdomo. Haya nimeyapata kwa wenzake wawili waliopandishwa naye, na wamekubali kuyasema mbele ya hakimu.

Jumamosi nilimpelekea chakula. Aliletwa hadi kaunta akiwa na kiatu kimoja, mkono wa kushoto umeshika suruali isianguke, mkono wa kulia unapokea chapati. Unakumbuka Krismasi ile ulipotuigizia jinsi mahabusu wanavyotembea ndani ya seli, umejishika kiunoni, hadi Mwaitu akamwaga chai kwa kucheka? Wathome naye alikumbuka. Alinisalimu niaje dada, kisha akaniambia nimwambie mkubwa kwamba alisahau kutufundisha jinsi ya kujikuna. Polisi wa kike aliyekuwa kaunta alicheka. Jicho moja la Wathome lilikuwa limevimba. Nilipouliza, alisema tutaongea nyumbani Jumatatu akitoka kortini. Aliniomba nimwachie chapati moja ya jioni, nikamwachia mbili.

Jumatatu jina lake halikuitwa kortini. Nilirudi kituoni, na hapo inspekta akaniita ofisini kwake na kuniambia kwamba ndugu yangu alijitia kitanzi Jumapili kwa mshipi wake mwenyewe, ule mweusi wenye chuma cha umbo la ndege tai mbele. Alisema waliacha aingie nao seli kwa makosa, na kwamba vijana wa siku hizi wana mawazo mengi. Alisema pole.

Siku mbili baadaye alikuja hapa Ziwani na sukari na unga, akitaka nikubali Wathome azikwe haraka bila kupasuliwa, ili tusimdhalilishe zaidi. Nilikataa. Aliniuliza mpishi wa uji anajua nini kuhusu kesi. Nilimwambia watoto wangu wa chekechea wakipigana huwa nauliza swali moja tu, nani amempiga mwenzake, na kwamba ndilo ninalomuuliza yeye. Aliondoka akasahau sukari. Awuor alimfuata nayo hadi kwenye gari.

Daktari tuliyetafutiwa na wakili alikuta mbavu tatu zimevunjika, na akasema alama za shingoni si za mtu aliyening'inia. Polisi wakajibu kwamba marehemu alianguka akishuka lorini. Awuor aliposikia kwamba sasa alianguka na tena akajinyonga, aliuliza kama kesho watasema pia alikula samaki wake.

Lakini maneno ya daktari hayakufika nyumbani kijijini mapema kama yale ya polisi. Unajua mtu wa kujinyonga anavyozikwa kwetu. Mchungaji alikataa jeneza liingie kanisani, kanisa lile lile ambamo Wathome aliimba besi miaka yote bila kuipata. Wazee wakataka kaburi liwe nje ya ua wa mkonge, mbali na la baba. Mwaitu hakulia alipoiona maiti. Alilia alipoona mahali shimo lilipochimbwa.

Na wewe, kaka, ulikuja ukiwa umevaa koti lako la kazi. Nilikusikia ukiwaambia wazee kwamba heri yaachwe, kwamba unajua kesi za namna hii zinavyoishia. Kisha ukanifuata nyuma ya tangi la maji na kuniuliza kwa sauti ya chini kama mshipi ulikuwa ni ule uliompa. Sikukujibu. Niliangalia koti lako. Ukaondoka kabla hata udongo haujarudishwa, na tangu siku hiyo hupokei simu.

Kabla sijakujibu, nikueleze habari ya Waithera wa Pipeline. Mwanawe alipigwa risasi akiwa amekaa kwenye ngazi za ploti yao. Yeye na akina mama wengine waliopoteza watoto mikononi mwa polisi hukutana kila mwezi, kila mmoja akasimama na kulitaja jina la mtoto wake, na siku hizi mimi pia husimama. Waithera aliwapa wapelelezi shati la mtoto lenye tundu la risasi, kwa sababu waliliomba kwa heshima. Shati likapotea. Faili nalo likapotea. Waliopiga risasi wamehamishwa vituo, na mmoja amepandishwa cheo. Alituambia sote kwamba mtu akiwa na kitu chochote cha mtoto wake asikitoe hadi awe na wakili, na hakimu akione kwa macho yake. Mimi nilisikiliza nikanyamaza.

Wiki ile ile mwanamume mwenye kofia alinisubiri kwenye lango la chekechea. Alitaka kujua kama nilibaki na vitu vya marehemu. Nilimwambia nilibaki na viatu. Akaniuliza kama ni viatu tu. Nikamwambia ndiyo, na ni namba nane, kama vinamtosha.

Sasa nakujibu, kaka. Mshipi ulikuwa kwangu.

Jumamosi ile, alipomaliza kula, Wathome alimwomba yule polisi wa kike anipe mshipi wake niende nao, kwa sababu ni zawadi ya kaka yake, na kaka yake ni askari kama yeye, na asingetaka kumweleza kwamba uliibiwa kituo cha polisi. Yule dada alicheka tena, akautoa kwenye mfuko wa vitu vya mahabusu, akanipa. Nafikiri ilikuwa huruma tu, hakuandika popote. Nilifika nyumbani nikautundika nyuma ya mlango. Aliyetunga hadithi ya kujinyonga alijua tu kwamba Wathome aliingia na mshipi wa tai. Hakujua kwamba ulikuwa umeshatoka. Inspekta alipokuwa akinielezea jinsi ulivyomnyonga, ulikuwa umetundikwa kwangu.

Jioni ya Jumatatu hiyo niliuvaa, chini ya gauni, na sikuuvua tena. Nimepika nao uji. Nimeenda nao mochari na kanisani, na nimelala nao. Uliponiuliza pale nyuma ya tangi, chuma cha tai kilikuwa tumboni pangu. Ningekushika mkono ukakigusa. Lakini niliona koti, nikakumbuka maneno uliyowaambia wazee, nikakuogopa. Nilikuogopa wewe, uliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikienda shule. Ninaomba unisamehe kwa hilo, na kwa hilo tu. Kunyamaza mbele ya wale wengine sijutii.

Zawadi yako haikumuua. Nataka uisome tena sentensi hiyo. Waliomuua ni watu, wana majina, na wana namba za kazi, na zamu ya Jumapili ile inajulikana.

Alhamisi iliyopita nilikwenda na wakili mbele ya hakimu anayechunguza kifo hiki. Niliingia chooni, nikauvua, nikatoka nao mkononi. Ulipigwa picha, ukafungwa ndani ya mfuko, mfuko ukatiwa muhuri mbele ya macho ya inspekta. Nilimwangalia wakati wote. Yeye alikuwa anaangalia dirisha. Wakili wao alisimama akasema mshipi wa tai unanunuliwa Gikomba siku yoyote, na kwamba mwanamke mwenye uchungu anaweza kununua chochote.

Ni kweli iko mingi. Lakini mwaka ule ulipomaliza mafunzo ukaununua kwa mshahara wako wa kwanza, ulikuwa mkubwa kwa Wathome, na wewe ukachoma tundu jingine kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko la Mwaitu. Msumari uliteleza. Tundu likaenda upande, na kidole gumba chako kikaungua, na hadi leo kina kovu. Wathome alikataa umpelekee fundi akurekebishie. Alisema tundu lililopinda ni la kwake peke yake.

Kwa hiyo hakimu anataka kumsikia aliyelichoma. Ni Jumanne, tarehe kumi na nane mwezi ujao, saa tatu asubuhi. Najua unachoweza kupoteza. Watakuhamisha, au watakutafutia kosa, au wenzako wataacha kula nawe meza moja. Sikuandikii ili nikwambie kwamba ukishindwa nitaelewa. Nakuomba uje. Na uje umevaa sare yako, usiifiche ndani ya begi. Keti upande wetu, kati yangu na Waithera, ili wakiiona wajue haipo upande mmoja tu wa chumba. Wakikuuliza, uwaonyeshe kidole.

Sasa nikueleze ile kazi ya Mwaitu. Nilipomwambia habari ya mshipi, aliuliza panga liko wapi. Mchungaji amekuja kwake mara mbili akisema tukishinda kesi wanaweza kumfukua Wathome na kumzika upya karibu na baba. Mwaitu amekataa. Amesema mtoto wake amesumbuliwa vya kutosha na hatamwamsha. Ua ndio utakaohama. Ameshaanza kung'oa mkonge, kila asubuhi kidogo, na goti lake hilo, na anaupanda upya ng'ambo ya kaburi. Amebakisha upande wa barabarani. Anasema huo anakungoja wewe.

Awuor anakusalimu, na anasema ukija atakukaangia samaki bila kulipa, jambo ambalo sijawahi kumsikia akimwambia mtu. Watoto wa chekechea hawakujui lakini huwa nawaambia wakuombee kwa jina lako wakifumba macho kabla ya uji. Mwaitu anauliza tena kama unakula. Mpe Ndete jibu kwa mdomo ukipenda, yeye hasahau.

Mimi dada yako,
Nthoki