Homoni na Mimba, Wapi na Wapi

Nyumba ya geti la buluu,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Wifi,

Salamu nakupa, maana nimelelewa. Goti lako linaendeleaje? Na presha je? Kaka yako hajambo, anakula na kulalamika kama kawaida. Mimi ni mzima, ila nina hasira, na hasira yenyewe inazidi kunenepa.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Mara tatu umenikatia, mara ya nne ukamtuma mumeo aseme umelala, saa tano asubuhi! Basi dereva wa basi la vifurushi atakukabidhi hii mkononi. Kuichana unaweza, lakini utakuwa umeshaisoma.

Ulipokuja Aprili nilikupokea kwa mikono miwili. Nilikupa chumba chenye feni. Nilikuonyesha picha ya mwanangu Injinia amevaa kofia ngumu, mwanamke peke yake kati ya mafundi kumi na wawili wa lifti. Jengo la ghorofa kumi na nane linapanda na kushuka kwa mkono wake, Wifi, na huyo katoka tumboni mwangu mimi niliyeishia darasa la saba. Na wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia kwamba ana mimba ya miezi miwili.

Nikageuka kwenda sokoni. Ukaokota boksi la dawa juu ya friji, ukasoma neno moja tu, homoni, ukamwita binti yangu chumbani. "Homoni na mimba wapi na wapi? Hivi si vidonge vya kupanga uzazi? Utamtoa mtoto! Acha leo hii, na mama yako usimwambie, mdomo wake haufungi."

Wifi, wewe unashona mapazia. Unashona vizuri, sikatai, hata haya ya sebuleni ni yako. Lakini udaktari uliupatia wapi, kwenye futi ya kupimia madirisha?

Akakutii. Kila asubuhi namwona na glasi ya maji, kumbe kidonge anakitia kwenye kibegi cha bisibisi. Mwezi mzima. Akaanza kujifunika sweta mchana wa jua kali. Uso ukavimba, sauti ikawa nzito, akasinzia na kijiko mkononi. Nikasema ni mimba hiyo. Mpaka siku msimamizi wao alipomrudisha nyumbani kwa sababu alisahau kuzima umeme kabla ya kufungua mtambo. Mwanangu, ambaye hajawahi kusahau hata koleo!

Kwa daktari, walipopima damu, akaulizwa kama anameza dawa. Kisha akafungua kibegi, akamwaga mezani vidonge thelathini na kimoja, akaeleza yote uliyomwambia. Nilitamani sakafu inimeze.

Sasa sikiliza, maana hukuuliza ulipopaswa kuuliza. Miaka sita iliyopita mwanangu alitolewa tezi ya shingoni. Sikukwambia, nilitaka ukoo mzima mjue nimezaa chuma. Hilo kosa ni langu, nalibeba. Homoni hii siyo ile ya kupanga uzazi. Ni ile ambayo tezi ingeitengeneza, na mtoto tumboni anaitegemea, hasa miezi ya mwanzo. Wajawazito hawaachishwi, mara nyingi ndiyo wanaongezewa, na yeye kaongezewa. Alipotaka kumeza vyote alivyoruka ili afidie, daktari akamkemea: kimoja kwa siku kama kilivyoandikwa, damu ipimwe tena baada ya wiki nne. Saa kumi na mbili asubuhi, tumbo tupu, maji matupu. Chai saa moja. Vile vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki ni mchana, visikutane na hiki.

Moyo wa mtoto unapiga vizuri, tumeusikia. Mengine daktari hakuahidi.

Na ubaya wako bado uko hapa nyumbani, Wifi. Jumamosi nilimkuta kwenye sinki anakitema kidonge. Nikapandisha sauti, naye akalia: "Mama, daktari simjui. Shangazi ndiye aliyenilea."

Nilikaa kwenye ndoo. Ni kweli. Miaka ile miwili niliyokuwa mbali kutafuta kazi, ni wewe uliyemnywesha dawa na kumfunga viatu. Nikisema mimi, anasikia. Ukisema wewe, anaamini.

Kwa hiyo sikuombi uniombe radhi, radhi yako kaa nayo. Asubuhi inayofuata siku ya kupata barua hii, saa kumi na mbili kamili, mpigie. Mwambie kwa mdomo ule ule: "Nilikosea, mwanangu. Meza." Maneno hayo tu, usiongeze hekima yoyote. Mimi nitakuwa nimesimama na glasi ya maji, na simu nitaiweka sauti ya juu nikusikie.

Nisalimie mumeo, mwambie uongo haumpendezi. Wabusu wale mapacha wa binti yako. Mungu alilinde goti lako, na akulainishie ulimi kwa dakika moja tu.

Ni mimi wifi yako, nakupenda, na nikikuona nitakuchapa,

Mama Injinia