Mikoko ya Makaburini

Jumapili, 4 Mei 2025

Mchungaji Tweve, wewe mtu mzima na hujui kutazama maji. Umekuja na waumini wako, fulana mpya za kijani, ngoma na filimbi, mkateremka kupanda mikoko saa nne na nusu asubuhi, maji yamejaa mpaka kiunoni. Mkoko unapandwa topeni. Tope la leo liko wapi? Liko chini ya maji, na nyie mko juu yake mnaimba.

Niliwaona kutoka jikoni. Shamba langu la mpunga linapakana na makaburi, na makaburi yanapakana na mto, unaopanda na kushuka na bahari. Kila mwaka mto unaumega ukingo. Kaburi la mume wangu Haidari limebakiwa na hatua mbili. Tulipomzika, miaka tisa hii, zilikuwa hatua kama thelathini. Basi hawa wa kanisani wamesikia habari, wakasema watapanda mikoko ishike udongo. Kanisa lenyewe watu kumi na mbili, ukimhesabu na Mchungaji. Walimu, nesi wa zahanati, na muuza dawa za kuku. Wote watu wa kuja. Mle makaburini hakuna hata mmoja wa kwao. Hapo ndipo siwaelewi.

Nikashuka. Namkuta Mchungaji kashika mbegu ya mkoko, ile ndefu kama fimbo ya ustadhi, anachomeka ncha nyembamba chini. Kichwa chini, miguu juu. Nikamwambia baba, huyo unamzamisha. Akaniamkia kwanza, shikamoo Bibi, halafu akasema ncha si ndiyo inayochoma, kama msumari? Nikamwambia marahaba, na hiyo ncha ndiyo inatoa majani, hata wewe tukikuzika utosi chini hutafufuka vizuri. Mkewe alicheka mpaka akakaa majini. Yeye hakucheka. Kwao Njombe mti unapandwa mlimani, ukishapanda unaukuta hapohapo.

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mikoko ya kanisa imehamia kwangu. Yote! Imeelea usiku kucha, imekwama kwenye tuta la mpunga. Nimeokota ndoo mbili, nimezifunika kwa gunia bichi kivulini. Si kwamba nawapenda. Kitu kizima hakitupwi.

Jumatano, 7 Mei 2025

Mchungaji kaja na mkewe. Kashika kofia mkononi kama mtoto aliyevunja mtungi. Nimewapa uji wakanywa, na mkewe kaomba tena. Huyo mwanamke ni mtu.

Nikamuuliza Mchungaji, makaburi si yenu, mnatafuta nini? Akasema Mungu alimweka Adamu bustanini aitunze, kwa hiyo kutunza miti ni ibada. Nikamwambia huyo Adamu aliachiwa bustani nzima, akakatazwa mti mmoja tu, na mmoja huo akashindwa. Akasema ndiyo maana tunajaribu tena, Bibi. Nikamwongezea uji. Kanijibu vizuri, sikumwambia.

Nikamfundisha. Mwezi ukiwa nusu maji ni mafu, hayatoki ya kutosha, na asubuhi ndiyo yanajaa. Mwezi ukijaa ni bamvua, maji yanakwenda mbali, kuanzia saa nne hivi mpaka mchana tope lote liko nje. Akatoa kalenda ya kanisa mfukoni. Akasema tatizo, Jumapili ndiyo siku watu wake wana nafasi. Nikamwambia mwezi haujabatizwa, Mchungaji. Mkewe akapaliwa na uji.

Halafu akauliza, Bibi, zamani ukingo ule ulikuwa na mikoko? Nikasema mingi, jua halikupita. Ikakatwa na nani? Nikasema na watu.

Binti yangu Zena alikuwa anapeta mchele. Ungo ukasimama. Akanitazama, akaendelea kupeta.

Humu naandika kwa kuwa hamna anayesoma. Tulikata sisi. Haidari kwa shoka, mie kwa kichwa. Boriti za mkandaa, mkoko ule mwekundu, korija kwa korija, ishirini ishirini, mpaka bandarini Nyamisati zikapakiwa. Bati la nyumba hii limetoka ukingo ule. Shela ya harusi ya Zena imetoka ukingo ule. Na nilifurahi, sisemi uongo.

Ijumaa, 9 Mei 2025

Wanaume wa kijiji hiki wanahitaji viboko.

Zena kaleta habari kutoka kwa mumewe. Baada ya swala ya Ijumaa wamekaa barazani msikitini kujadili mikoko. Mrisho, mwenyekiti wetu wa kitongoji, kasema njia ya kushukia topeni inapita katikati ya makaburi, wakristo wasikanyage. Kasema leo watapanda mti, kesho watapanda msalaba. Jirani yake Abdulrazaq kasema tungoje mradi, mradi unakuja na posho. Anangoja mradi tangu ana nywele nyeusi.

Nikaenda kwa imamu, Shehe Gharibu. Huyu nimemfuta kamasi mie, hanitishi na kilemba. Nikamwambia haya, wakristo wasipande, mtapanda nyie? Akasema Bi Sijaona, nikwambie kweli. Hawataki kupanda pamoja nao, na wenyewe hawapandi. Nikiita watu kufyeka kiwanja wanakuja watatu. Nikiita kuchimba choo cha madrasa naja mwenyewe. Nikamuuliza, ukiita mazikoni? Akasema mazikoni huja wote, hata wasiosalimiana.

Nikarudi nyumbani. Neno hilo limenikaa kichwani tangu alasiri.

Jumatatu, 12 Mei 2025

Mwezi umejaa. Ukingo umeanguka alfajiri.

Kaburi la Haidari limefunguka ubavu. Viunza tulivyomfunikia vimetokeza nje, boriti nne za mkandaa, nyekundu bado. Nazijua. Alizikata mwenyewe, akaziweka darini, akasema hizi za nyumba ya Zena. Akatangulia yeye.

Nimekaa pale mpaka maji yaliporudi. Sikulia. Nimemtukana kidogo.

Jumanne, 13 Mei 2025

Shehe Gharibu kaja asubuhi na mapema. Kasema pole mama, sheria inaruhusu, maji yakimfikia maiti anahamishwa. Tumhamishie juu kule, kesho baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali.

Nikasema hapana. Saa nne.

Akasema saa nne jua linachoma. Nikasema Haidari haungui tena, na mjane ni mie. Akanitazama sana. Mtoto huyu si mjinga. Akasema bamvua kesho, ee? Nikamwambia tangaza tu kwenye kipaza sauti, saa nne, Haidari anazikwa upya, baada ya hapo ubwabwa kwangu.

Halafu nikamwambia lingine. Mikoko kesho haimwokoi Haidari. Mkoko unataka miaka kushika udongo, na yeye alibakiwa na bamvua moja. Lakini nyuma yake kalala mama yako, Gharibu. Hatua nne. Nimezihesabu.

Aliondoka akasahau bakora yake.

Nimemtuma Zena kwa Mchungaji. Aje kuzika na watu wake wote. Ngoma aiache nyumbani. Zena karudi anacheka, kasema Mchungaji kauliza mara tatu kama ataruhusiwa kuingia. Kamjibu, mama kasema mazikoni hafukuzwi mtu. Akauliza avae nini. Zena kamwambia suruali ya kukunjika.

Jumatano, 14 Mei 2025

Nimerudi jikoni mara moja kugeuza ubwabwa, naandika nimesimama.

Wamekuja wote. Hata Abdulrazaq, ambaye hasalimiani na Mrisho tangu ugomvi wa mpaka. Wakristo walisimama nyuma, kimya, mke wa Mchungaji kajitanda khanga yangu. Hakuna aliyewaambia neno. Nani angesema, na maiti iko mbele?

Sisi wanawake hatuingii makaburini watu wakizika. Lakini tope si makaburi. Nilishuka na Zena na mke wa Mchungaji kupitia shambani kwangu, nikakaa pale kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikasikia chepeo tu. Mifupa imetoka, imevikwa sanda mpya, imepanda juu. Dua ikasomwa. Maji yalikuwa yameshatoka, tope linang'aa mpaka ng'ambo.

Wakageuka kurudi. Ile njia ya zamani imeanguka na ukingo, kwa hiyo imebaki moja, ya kwenye tuta langu la mpunga. Nikasimama katikati ya tuta, ndoo mbili za mikoko miguuni. Kila anayefika nampa mbegu mkononi. Mtu akitoka kuzika anapokea kitu unachompa, hata hatazami. Walipozinduka, ishirini na kitu walishashika.

Mrisho akasema Bi Sijaona, hii hila. Nikasema ndiyo. Akasema tulikuja kuzika, hatukuja kufanya kazi za kanisa. Wenzake wakaanza kuguna.

Nilidhani nitamtukana. Nikasema kingine. Nikasema hivi, mikoko ya hapa tulikata mie na huyu mliyemzika sasa hivi. Nilibeba kwa kichwa hiki. Mmekaa miaka mnasema mto umeharibika, mto haukuharibika, niliuvua nguo mie. Na shoka, Mrisho, alituazima marehemu baba yako, na boriti zake kumi akachukua.

Hata mke wa Mchungaji hakucheka.

Zena alikuwa chini topeni. Hakunitazama. Alikunja khanga, akachomeka mbegu ya kwanza. Shehe Gharibu akavua kilemba, akakitundika kwenye jembe, akashuka, akaenda moja kwa moja mbele ya kaburi la mama yake. Wakristo wakashuka. Wazee wanne wakashuka. Wengine wamesimama juu na mbegu zao kama watu wanaongoja kuulizwa swali darasani.

Nawaona kutoka hapa dirishani. Mrisho yuko ukingoni, pale kaburi lilipokuwa, tundu wazi miguuni pake. Hajatupa mbegu. Hajashuka. Mchungaji kasimama chini yake, kamnyooshea mkono wa kushukia, mkono wa pili kashika mkoko, na kaushika kichwa chini tena.

Saa saba maji yanarudi. Ubwabwa umeiva. Zena asipakue hata kijiko. Mchungaji ageuze mkoko wake, Mrisho avue viatu ashuke, na asiye na tope mpaka magotini asisogelee sufuria yangu.