Aurore Amechoka Kuwa Tabibu

Gungu, Kigoma
22 Agosti 2016

Mpendwa mdogo wangu Protais,

Amahoro. Hujambo huko Kanada? Kile kifua kimepona? Gloriose na ujauzito wake wanaendeleaje? Sisi tupo. Mama anasali, anakula kidogo, magoti yanamsumbua. Mimi nimechoka tu, uchovu usioisha hata nikilala. Nafua nguo za watu tangu asubuhi, na vumbi la kiangazi linazichafua tena zikiwa kwenye kamba.

Uliuliza kuhusu ule mchezo wako wa kusimulia vita kwa kete. Kete ulizotuma bado tunazo. Jumapili baada ya misa tunakaa barazani pa parokia: mimi nasimulia safari na kuwachezesha maadui, wao ndio mashujaa. Yupo Niyibizi, mpagazi wa bandarini, na Castory, Muha mmoja wa bodaboda, mtu wa kelele. Na Aurore, aliyekuwa muuguzi kule Rumonge.

Uliandika kwamba kundi lisilo na tabibu halifiki mbali. Ni kweli, lakini kila mtu alitaka upanga. Basi utabibu tukamtwika Aurore, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Hakuna aliyemuuliza. Wenzake walipambana na majoka, yeye akakaa kungoja mtu atoke damu.

Jumapili moja joka likawaangusha Castory na Niyibizi kwa pigo moja. Dawa ilibaki ya mtu mmoja. Wakaanza kugombana.

"Mimi, dada! Mimi ndiye mwenye nguvu!"

"Muongo huyo, nitibu mimi!" akadakia Niyibizi.

Aurore akaweka kete chini. "Hata huku nichague?" akasema, akaondoka.

Kesho yake nilimfuata kwake Buzebazeba. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. Akaniambia kwamba mwaka jana, tulipokimbia Burundi na kujazana pale ufukweni Kagunga tukingoja meli, kipindupindu kilipoingia, alibakiwa na dripu moja na watoto wawili mbele yake.

"Mama wa yule mwingine nakutana naye soko la Ujiji," alisema. "Ananisalimia vizuri. Hilo ndilo linaniua."

Nikavuta ungo, tukachambua mchele.

Aliniruhusu niwaeleze wenzake. Castory akasema, "Hiyo dawa nipeni mimi, nitakuwa tabibu." Tukakubaliana pia kila mmoja abebe bandeji zake.

Jana Aurore alirudi, akachukua upanga, akasimama mbele. Kupigana hajui. Castory naye kutibu hajui. Alimaliza nusu ya dawa kwa kumtibu farasi wake wa mchezoni. Kwenye daraja moja la safarini majitu yakamwangusha Aurore kwanza. Wanaume wote wawili wakamkimbilia, wakawapa adui mgongo, wakafa juu yake. Kwa kanuni zako ni kundi bovu kabisa, najua.

"Wajinga ninyi," Aurore akawaambia, "mngekimbia!" Akacheka, Protais. Tangu tuvuke mpaka, nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka.

Msalimie sana Gloriose, na umwambie asinyanyue vitu vizito. Shangazi Agnesi wa Ujiji anakusalimu, Mama anakubariki kutoka mbali. Imana, Mungu wetu, awalinde nyote.

Dada yako asiyechoka kukukumbuka,
Révérienne