Filta Iliyokaa Chini ya Kiti

Endagikot, Mbulu
Jumapili mchana

Dada yangu Veronika,

Shikamoo. Naomba uketi kwanza ndipo uendelee kusoma, maana nakujua, utasoma umesimama mlangoni huku ukiwafukuza mbuzi. Habari za hapo Gendabi? Goti la mama linaendeleaje na baridi hii? Shemeji kikohozi kimemwacha? Yule ndama aliyezaliwa dhaifu ananyonya vizuri sasa? Mimi nipo. Huku juu mvua haijakatika mwezi mzima, nguo hazikauki, na jua tunaliona kama mgeni anayepita tu bila kuingia ndani.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Dada, simu yako ukipokea unaweka sauti kubwa. Mama anasikia, watoto wanasikia, na jirani akipita naye anasimama. Haya ninayotaka kusema nataka uyasikie wewe peke yako kwanza. Barua hii nampa mwalimu mmoja anayekuja huko kwa likizo, akuletee mkononi.

Nilikaribia kuua watu watatu, na mimi wa nne.

Unajua kazi yangu hapa ni kuendesha gari la zahanati. Zahanati iko huku juu karibu na msitu, na mgonjwa akizidiwa namteremsha hadi hospitali mjini. Kwa mtu wa tambarare kama mimi, barabara hii haizoeleki. Ni udongo mwekundu, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hakuna kitu. Na asubuhi ukungu unashuka mpaka huoni boneti ya gari lako mwenyewe.

Miezi miwili iliyopita nilipeleka gari mjini kubadilisha breki. Fundi akawasha feni ya ndani, akaweka mkono kwenye matundu ya dashibodi, akatikisa kichwa.

"Dereva, filta ya AC, hiki kichujio cha hewa, imeziba. Hewa haitoki kabisa."

Nikamwambia, "Huku kwenye baridi hii AC ya nini?"

"Si ya baridi tu. Hewa hiyo ndiyo inayokausha kioo kwa ndani. Nunua filta uweke mwenyewe, ni kazi ya dakika kumi. Iko nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria."

Nikanunua. Usidhani sikununua. Siku hiyohiyo nilikaa upande wa abiria, nikakivuta kile kisanduku, plastiki ikalia kama inataka kupasuka. Nikaogopa. Gari si langu, ni la watu, na mimi ni mgeni hapa, mtu wa ng'ombe kutoka Hanang. Nikaona nikivunja dashibodi watasema nini. Nikaichukua ile filta mpya na boksi lake nikaisukuma chini ya kiti. Nikasema nitafanya kesho. Ikakaa hapo wiki zote hizo.

Sasa sikia. Wiki mbili zilizopita, saa moja asubuhi, aliletwa mama mjamzito anaitwa Fabiola. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto hashuki. Nesi Anjela, ndiye mkuu wetu hapa, alimpima akaniambia kwa sauti ya chini, "Samweli, huyu tusimcheleweshe." Yeye hakuweza kuondoka kwa sababu alikuwa na mwingine anayejifungua. Nikaondoka na Fabiola, mama mkwe wake Bibi Theresia, na huyo mtoto tumboni.

Ukungu ulikuwa mzito na mvua inapiga. Tulikuwa tumelowa wote, na pumzi zetu zikaanza kukijaza kioo kwa ndani. Nikawasha feni mpaka mwisho. Ikanguruma tu, hewa haikutoka. Nikafungua dirisha, mvua ikaingia, Fabiola akaanza kutetemeka, Bibi akasema, "Funga, baba, atapata baridi." Nikafunga. Nikavua kofia nikawa nafuta kioo. Nikifuta, kinaziba. Nilikuwa naona kitundu cha ukubwa wa sahani, halafu cha ukubwa wa kikombe, halafu sioni kitu.

Ningesimama, dada. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusimama. Lakini nyuma Fabiola alikuwa anauma kanga asipige kelele, nami nilijiambia barabara hii naijua kwa kichwa. Kumbe nilikuwa naijua nikiiona.

Kwenye kona ya juu ya kijito, gurudumu la mbele kushoto likakosa ardhi. Gari likapiga tumbo chini na kuinama upande wa kushoto, likasimama. Injini ilikuwa bado inaunguruma. Nje kweupe kote. Sikujua kama chini yetu kuna hatua moja au kuna bonde zima. Niling'ang'ania usukani tu.

Bibi Theresia ndiye aliyesema. Hakupaza sauti. "Usijitingishe. Fungua mlango wa upande wa mlima. Tutatoka mmoja mmoja."

Tukamtoa Fabiola kwanza. Alishika shingo yangu, uchungu ukamjia tukiwa katikati ya mlango, gari likalia chini yetu kama ng'ombe anayekata roho. Nilidhani ndiyo mwisho. Alipopata ardhi ndipo Bibi akatoka. Nikasogea ukingoni kwa magoti, nikatupa jiwe. Sikusikia likianguka, Vero. Labda lilianguka kwenye majani. Sijui, na sijarudi kuangalia.

Mungu hakutuacha. Wanaume watano waliokuwa wanakwenda shambani walisikia injini wakaja na majembe yao. Wakapanga mawe na magogo, wakasukuma wakiwa matopeni hadi magotini, gari likarudi barabarani. Tukaendelea madirisha yote yakiwa wazi, Fabiola amefunikwa mablanketi waliyokuwa wamejitanda wale wanaume, na Bibi amekaa mbele pembeni yangu akifuta kioo kwa shuka lake njia nzima, ananiambia, "Kulia kidogo. Hapo hapo. Polepole." Tulifika. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, wa kike, akalia.

Utasema basi, tumshukuru Mungu, yameisha. Hayakuisha. Habari zilipofika huku juu, mimi nikawa shujaa. Watu wananishika mkono kanisani. Wanasema dereva wetu alipambana na ukungu. Babake Fabiola aliniletea maziwa. Nami nilikuwa nayapokea, nasema asante, na chini ya kiti cha gari ile filta ipo kwenye boksi lake. Usiku usingizi hauji.

Siku ya nne baada ya safari ile nikasema leo lazima. Mchana, wagonjwa wameisha, nikaliegesha gari nyuma ya zahanati kama mwizi. Nikatoa kila kitu kwenye kile kisanduku. Nikabonyeza mbavu zake mbili kuelekea ndani, kikaachia chenyewe, kikaning'inia, hakuna kilichovunjika. Nyuma yake kuna kifuniko chembamba chenye vibanio viwili. Nikavibana, kikatoka. Ni hivyo tu, dada. Kazi niliyoiogopa miezi miwili ilikuwa ni hiyo.

Nikavuta ile filta ya zamani. Haikutoka filta, ilitoka takataka. Vumbi jeusi, maganda ya mahindi, manyoya ya kuku, vitambaa vilivyotafunwa, na katikati panya amekufa, amekauka. Gari linalala kando ya ghala la mahindi, panya wakaingia kujenga humo. Nilikuwa nimezishika zote kwa mikono mitupu.

Nikasikia nyuma yangu, "Samweli, acha kitu hicho chini."

Alikuwa Nesi Anjela. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Umekishika bila glavu?"

"Ndiyo."

"Huku panya aliyekufa hachezewi. Hujawahi kusikia wazee wakisema habari za tauni?"

Akaninawisha mikono kwa sabuni mara tatu kama mtoto mdogo. Akavaa glavu na barakoa, akanipa na mimi, tukamwagia dawa takataka zile, tukazichoma mbali na ghala. Halafu akaniambia siku saba nijiangalie. Nikipata homa, au uvimbe kwapani au kwenye kinena, nimwamshe hata kama amelala. Kisha akaliona lile boksi la filta mpya kwenye kiti, limekunjamana, lina tope la siku nyingi.

"Hii umeinunua leo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nikamwambia yote.

Aliligeuzageuza lile boksi mkononi. Akasema, "Kwenye ripoti ya ajali niliandika ukungu. Nitaiandika upya." Akanyoosha mkono nikampa funguo. "Siku saba hizo hutaendesha. Weka filta yako, tuone."

Nikaiweka. Mara ya kwanza niliigeuza, kumbe ina mshale wa kuonyesha hewa inakokwenda, nikaitoa nikairudisha vizuri. Tulipowasha feni hewa ilitoka kwa nguvu hadi karatasi zikaruka kwenye dashibodi. Nesi Anjela aliangalia kioo, akaingia ndani.

Siku hizo saba, Vero, sitaki kuzikumbuka. Kila asubuhi kabla sijafumbua macho najipapasa kwapani. Nikikohoa naandika wosia kichwani. Nilifikiri sana kurudi nyumbani, nichunge ng'ombe wa baba, nisishike usukani tena.

Siku ya tano nilikwenda kwa Bibi Theresia. Nilisimama mbali uani kwa sababu ya hiyo homa niliyoiogopa. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya filta, mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa anachambua maharage. Hakuacha kuchambua.

"Nilikuwa nakuona," akasema. "Unafuta kioo na kofia. Nikajiuliza, huyu gari lake lina nini. Ungesimama ukatuambia huoni, ningeshuka nikatembea mbele yako na shuka hili jekundu mpaka mjini."

"Niliogopa, bibi."

"Sote tuliogopa. Wewe ndiye uliyeshika gari."

Nikasubiri anifukuze. Akapepeta maharage yake, akasema, "Alhamisi ijayo Fabiola anarudi kuangaliwa kidonda. Nesi akikurudishia funguo, utatuchukua. Lakini njoo saa nne, ukungu ukiwa umepanda. Na mimi nakaa mbele."

Funguo nimerudishiwa jana. Alhamisi nitakwenda saa nne kama alivyosema. Naogopa, sikufichi. Ila nitakwenda.

Nisalimie shemeji, na watoto wote, hasa huyo wa darasa la nne aliyeniandikia jina langu vibaya. Mpe shikamoo mama mdogo wa Mogitu, na mzee jirani yetu anayetuangalizia ng'ombe. Mama mwambie nitampigia jioni, na ajiandae kunieleza habari za goti. Haya mengine mwambie wewe, siku utakayomwona ana nguvu ya kusikia.

Akikuuliza kama nina afya, mjibu bila wasiwasi. Siku saba zilikwisha juzi, na mwili hauna joto.

Ni mimi mdogo wako,
Samweli