Shati la Tatu la Yahaya

Miyuji, Dodoma
3 Februari 1994

Dada yangu Mwamvua,

Shikamoo dada. Pokea salamu za nyumba hii yote, za Salha mke wangu ambaye mguu wake umepona, na za watoto wanaouliza kila siku shangazi anakuja lini. Afya zetu huku si mbaya. Wasiwasi wangu uko kwenu Kolo. Mama kifua kimepungua? Mwanao Hamida anakwenda shule, au mmemfanya mfukuza ndege kwenye uwele? Huku mvua imenyesha mara tatu tu tangu mwaka mpya, kisha jua likarudi na hasira zake. Nasikia kwenu kuna afadhali. Inshallah mtavuna.

Barua hii nimempa Mwanne, jirani yetu, anakuja huko kumuuguza mama yake. Nimemwambia akupe mkononi mwako, si mkononi mwa mtu mwingine. Nakuomba usimpe Hamida akusomee. Ulisoma elimu ya watu wazima mpaka ukapewa cheti, na mimi nimeandika herufi kubwa kama za ubaoni, kwa hiyo huna kisingizio. Soma mwenyewe, polepole, mlango umefungwa.

Barua yako niliipata Ijumaa. Umesema ulifungua mkebe wa marehemu mume wako, shemeji yangu Yahaya, Mungu amrehemu, ukakuta vikaratasi vyote vya malipo alivyokuwa akivihifadhi. Umesema vya mwanzo vina jina lake, lakini vingine vina jina la Bushiri, kaka yetu aliyefariki mwaka wa themanini na tisa. Na sasa watu wa kwao wananong'ona kwamba Yahaya alikuwa anakula mshahara wa maiti. Umeniuliza kama aliiba.

Hakuiba, dada. Yahaya hakuiba hata msumari uliopinda. Jina lile niliandika mimi, kwa mwandiko huu huu unaousoma. Ngoja nikueleze, na nikianza kuzungukazunguka unisamehe, maana nimezunguka miezi minne.

Unakumbuka shirika letu la ujenzi lilipouzwa. Tulipewa barua za kupunguzwa, mimi na miaka yangu tisa ya ukarani, na likizo zangu na nauli yangu ya likizo, nikaambiwa asante. Baada ya mwezi mwenye kampuni mpya akatuita baadhi yetu. Meza ile ile, kiti kile kile chenye mguu mbovu, ila sasa tunalipwa kwa kutwa. Ukija unaandikwa, usipokuja huna chako. Ukiumwa ni shauri yako. Nikawa kibarua mwenye kalamu. Salha alinicheka nilipoendelea kuvaa tai, akasema namvalia nani.

Kazi yangu ilikuwa daftari la mahudhurio ya vibarua. Meneja alinifundisha mapema sheria yake ya miezi mitatu. Alisema kibarua akifanya kazi mfululizo kupita hapo ataanza kudai likizo, notisi, kiinua mgongo, na atakwenda kulia kwa Afisa Kazi. Basi ikifika miezi mitatu kila mtu anakatishwa. Lakini Meneja hakutaka kupoteza watu wanaojua kazi. Hapo ndipo tulipoanza mchezo wetu. Leo Ijumaa unakatishwa wewe, kesho Jumamosi unarudi wewe yule yule na jina la nduguyo. Mimi naandika mtu mpya. Vibarua waliuita kubadili shati. Walikuwa wanataniana asubuhi, umevaa la nani leo, na mimi nacheka nao. Kampuni ilifurahi, vibarua walifurahi kwa sababu hawakai nyumbani na njaa, na karani alijiona mjanja kuliko wote.

Yahaya alipokuja Aprili baada ya mahindi kukauka, nilimtia kwenye ghala la nafaka tunalolijenga Nzuguni. Saidia fundi, kubeba zege. Unamjua mwenyewe alivyokuwa, mtu wa kula sahani mbili na kucheka mpaka majirani wanauliza kuna nini. Siku ya malipo ya kwanza alikuja kwangu na kikaratasi chake, akaniomba nimsomee. Nikamsomea, ujira kiasi hiki, makato ya kodi kiasi hiki, makato ya akiba ya uzeeni kiasi hiki. Nilidhani atanung'unika. Kumbe alifurahi! Alisema kama anakatwa, basi serikali inamjua, yumo kwenye vitabu, na siku akizeeka watamwita kwa jina. Vibarua wote walikuwa na fikra hiyo. Wakionana vijiweni waliambiana kwa kujisifu, mimi nakatwa. Ndiyo maana alivitunza vile vikaratasi kama hati ya shamba. Alijua vingine vina jina la Bushiri, lakini alisema si kitu, pesa imekatwa kutoka jasho lake, atakayeipokea huko juu atajua ni ya nani.

Dada, hakuna aliyeipokea. Nimekwenda kuuliza. Si kodi, si akiba, hakuna kilichofika popote kwa jina la Yahaya wala la Bushiri. Na nimeambiwa kwa ujira ule wa kutwa hakustahili hata kukatwa hiyo kodi. Mfuko ulioingia makato yale ni mfuko wa suruali ya mtu.

Sasa nakuja kwenye ile siku. Nilikusimulia msibani, lakini nilikusimulia nusu.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe nne Oktoba. Jukwaa lilikuwa la mirunda ya zamani, ile miti ya kufungia majengo, imeliwa na mchwa. Mnyapara wetu Jamaldini alimwambia Meneja mara mbili miti ibadilishwe, akajibiwa ghala linatakiwa kabla ya masika. Saa nne asubuhi Yahaya alikuwa juu na karai la zege kichwani. Mti ulikatika. Hakupiga kelele. Tulisikia karai kwanza, kisha yeye. Nilimpakata nyuma ya pikapu kuelekea hospitali, na alikata roho kabla hatujafika mjini. Alitaka kusema kitu, wallahi sikukielewa. Nilikwambia alitaja jina lako. Huenda alilitaja. Sijui, dada. Nilisema vile ili upate kitu cha kushika.

Kabla mwili haujaoshwa Meneja aliniita ofisini. Aliniambia nifungue daftari nimwoneshe marehemu ameandikwa nani. Wewe umeona majina mawili kwenye mkebe. La tatu hukuliona, kwa sababu hakuwahi kulipokelea kikaratasi. Miezi mitatu ya Bushiri ilikwisha Septemba. Tarehe mosi Oktoba Yahaya alikuja kubadili shati, na mimi nilikuwa nimechoka kutafuta majina. Nikamwambia kwa kumtania, haya vaa langu. Nikaandika Khalidi Isa. Mimi nilikuwa kwenye orodha ya ofisini, si ya vibarua, nikaona halitagongana na kitu. Alicheka sana siku ile. Alisema sasa yeye ni karani, nimtafutie tai.

Meneja alivua miwani akasema taratibu, kama mtu anayenionea huruma, kwamba kwa mwandiko wangu mwenyewe aliyekuwa juu ya jukwaa ni Khalidi Isa, na Khalidi Isa huyu hapa amesimama mzima. Kwa hiyo kazini kwake hakufa mtu. Akaongeza kuwa serikali ikija, wa kwanza kufungwa ni aliyeghushi daftari. Kisha akauliza marehemu ana mke. Na mimi mpumbavu nikamweleza yote, kwamba mkewe ni dada yangu, yuko Kolo, ataingia eda, hatatoka kwa miezi minne na siku kumi. Nilimweleza mila yetu kana kwamba namfundisha adabu. Akaniuliza tena zile siku, akaziandika. Akasema vizuri, basi kwa kuwa mjane hawezi kuja, ndugu yake wa kiume atamwekea sahihi.

Karatasi ilipigwa taipu pale pale. Ilisema Yahaya hakuwa mfanyakazi. Ilisema alipita kumsalimia shemeji yake, akapanda jukwaani kwa hiari yake bila ruhusa. Ilisema mjane hana dai lolote sasa wala baadaye. Niliweka sahihi mara mbili, kama karani, na kama mwakilishi wa Mwamvua binti Isa.

Ndipo likatoka lile lori lililoleta mwili, na sanda, na magunia mawili ya mchele. Uliwaambia watu msibani kwamba kampuni ya mdogo wako ina utu. Uliwaomba wamwombee dua Meneja, na watu wakaitikia amin, na mimi niliitikia. Kisha nikakaa nikala mchele ule, dada, nikaongezewa, nikala tena. Zile pesa nilizokuletea kwenye arobaini, ulizonishukuru kwa machozi ukisema nimejinyima, zilikuwa ujira wa siku tatu za mwisho za Yahaya. Nilizipokea kwa sahihi yangu halali kabisa, maana jina lilikuwa langu.

Na ile barua ya ajira ya kudumu niliyoipata Novemba, ambayo mama aliisomea dua, haikuwa kwa ajili ya miaka yangu tisa. Usiniulize ilikuwa kwa ajili ya nini.

Salha nimemwambia juzi. Salamu zile za mwanzo ni zake kweli, lakini kwangu hasemi neno. Alisema moja tu, kwamba nisiguse sahani yake mpaka niwe nimekuandikia. Nilikuwa natamani kukudanganya tena. Nilikwisha kuanza barua nyingine ya kukwambia ni makosa ya kalamu. Lakini kusikia watu wanamwita Yahaya mwizi, Yahaya yule! Hapo nilishindwa.

Jana nilikwenda kwa Afisa Kazi, mama mmoja anaitwa Paskazia. Nilichukua na daftari, nimeliiba ofisini, liko kwake sasa. Alinisikiliza bila kunikatiza. Alinieleza kwamba awe kibarua wa kutwa au wa kudumu, aliyekufa kazini mkewe na watoto wana fidia yao, na jina la bandia halimfanyi mtu asiwe amekufa. Aliniambia tumedanganywa na kujidanganya, kwamba kumbadilisha mtu jina kila miezi mitatu hakufuti siku alizofanya kazi. Nikamwuliza itathibitishwaje. Akaniuliza vibarua wasiojua kuandika wanapokeaje malipo. Nikamwambia kwa dole gumba, nyuma ya kikaratasi, na kwenye daftari pia siku ya kuandikwa. Akasema basi.

Kwa hiyo dada, chukua vikaratasi vile ugeuze nyuma. Utaona alama ya wino kwenye kila kimoja. Ni dole gumba la Yahaya, lile lenye kovu la jembe katikati, wewe unalijua kuliko mimi. Liko kwenye jina lake na liko kwenye jina la Bushiri. Kwenye daftari, tarehe mosi Oktoba, liko pembeni ya jina langu. Waoneshe watu wa kwao. Hakula mshahara wa maiti, alikuwa anavaa nguo nilizomvisha mimi.

Lakini ile karatasi niliyokuwekea sahihi iko kwenye faili. Mama Paskazia amesema sahihi yangu naweza kuikana mwenyewe, ila ya kwako hawezi kuikana mtu mwingine. Ni lazima uje kwa miguu yako, kabla ya mwisho wa Machi. Eda yako inakwisha wiki ijayo, na Ramadhani inaingia mara baada yake. Funga siku chache za mwanzo huko nyumbani ukiwa umetulia, kisha panda basi. Njoo na mkebe wote, usiache hata kikaratasi kimoja. Usifikie kwangu kama moyo hautaki, Salha atakupokea stendi na atakutafutia pa kulala.

Utaulizwa swali moja, kama ulimtuma mdogo wako Khalidi aweke sahihi kwa niaba yako. Nakujua, wewe uliyekuwa unakubali viboko vyangu nilipovunja mitungi ya mama. Utanitazama nimesimama pale, utataka kusema ulinituma. Usithubutu, dada. Ukisema ulinituma mimi nitabaki na kazi yangu ya kudumu, na Yahaya atabaki mpita njia aliyepanda jukwaa kwa kiherehere, na Hamida hatapata chochote. Sema hukunituma, useme kwa sauti. Baada ya hapo watanichukua, na mama usimwambie mpaka iwe imekwisha.

Msalimie mama, mwambie dawa ya kifua nimempa Mwanne. Msalimie Hamida, ila usimwambie ni salamu za mjomba, sema ni za Dodoma tu. Wasalimie majirani wote walioshika jeneza.

Chini ya jina langu nimeweka dole gumba langu kwa wino wa ofisini. Uje nalo ulilinganishe na lile la daftarini, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba siku ile juu ya jukwaa nilikuwa mimi.

Ni mimi mdogo wako,

Khalidi Isa