Mama, Tumenunua Kinanda Bubu

Mama,

Nina hasira, na wa kumwambia ni wewe tu, kwa hiyo nivumilie. Jumapili hii ni misa ya kumaliza kilio chako. Kwaya itaimba ule wimbo wako wa mwisho, uliouacha kwenye daftari la bluu, na mimi ndiye nitakayepiga kinanda. Miezi mitano sasa sijapiga hata noti moja. Nilikuwa natafuta kinanda chenyewe.

Kile chako kirefu, ulichoachiwa na masista, hakipo tena. Wiki mbili baada ya kukuzika, umeme ulikatika katikati ya mazoezi. Uliporudi ulirudi kwa nguvu, na kinanda kikatoa moshi mbele ya Papa Ilunga, rais wa kwaya. Fundi wa mtaa wa Kenya alikifungua, akakunja uso, akakifunga. Kwaya haina uwezo wa kununua kingine kama kile. Mimi na mdomo wangu nikasema kuna vinanda vya bei ndogo ambavyo havina sauti ndani. Unakiunganisha na ordinateur, yaani kompyuta, sauti inatoka kwenye ordinateur. Niachieni mimi, nikawaambia. Sijui nani alinituma.

Nilitaka kikubwa kabisa, chenye vibonyezo themanini na vinane, kwa sababu yako. Mkono wako wa kushoto ulikuwa unashuka mpaka mwisho wa kinanda, mabenchi yanatetemeka, na bado unanigeukia mimi: "Nadine, mukono wa kushoto! Unaulalisha!" Sasa ningepigaje wimbo wako kwenye kinanda kifupi?

Nikaenda huko huko mtaa wa Kenya kwa kaka yetu, Ya Moïse, yule mfanyabiashara wa Butembo anayeagiza kila kitu. Nikamweleza vizuri: clavier, kubwa, ya kuunganisha na ordinateur, touches themanini na nane. Wiki tatu nasubiri. Siku ya siku ananitolea clavier ya kuandikia barua! Ile yenye herufi, Mama. Na alivyokuwa na furaha: "Uliomba touches makumi munane na munane, miye nakuletea mia na ine!" Ningemlaumu vipi, wakati Kifaransa kinaviita vyote viwili clavier? Nilianza kucheka, nikaishia kulia pale pale kati ya magunia yake ya sukari. Maskini akanipa kiti.

Cha pili alicholeta kilikuwa na vibonyezo vyembamba kama vya kuchezea watoto. Nikigusa do, re nayo inaitika. Halafu nikasikia kuna baa mtaa wa Kamalondo inauza kirefu, themanini na nane kamili. Nikaenda mbio. Bia ilikuwa imekauka ndani, na upande wote wa kushoto umeganda. Upande wa kushoto, Mama! Mwenye baa ananiambia nitumie huu mwingine.

Mwishowe Ya Moïse akapata chenye vibonyezo sitini na kimoja, lakini kila kimoja kina upana wake wa kawaida, kidole kinakaa. Bei yake tungeiweza. Nikakataa. Nikamwambia hakifiki kule chini anakofika mama yangu. Nilisema anakofika, kama vile uko nyumbani unanisubiri.

Papa Ilunga akaenda kukinunua bila kuniuliza. Jana akakiweka mbele ya kwaya, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza kwa mikono miwili, jasho likamtoka. "Banatuibia! Hii piano iko bubu!" Ilibidi nitoe waya, niunganishe ordinateur yangu, na sauti ikatoka, nzuri tu. Wamama wakapiga vigelegele. Mimi nikaendelea kunung'unika kwamba ni kifupi, mpaka Papa Ilunga akachoka nami: "Fungua basi ile daftari, tuone noti ya mama yako inashuka mpaka fasi gani."

Hakujua kwamba tangu tukuzike sijalifungua. Nilikuwa najiambia nitalifungua kinanda kikipatikana.

Basi nikafungua, wote wananitazama. Mstari wa juu, wa mkono wa kuume, umejaa, mwandiko wako umeinama. Mstari wa chini, wa mkono wa kushoto, ni mtupu. Nikafunua ukurasa wa pili, chini mtupu. Wa tatu, mtupu mpaka mwisho. Pembeni umeandika: "Kushoto: Nadine."

Mama, kwa nini hukuniambia? Uliweza kunielekeza kutoka kitandani kwamba mboga yangu ya sombe ina chumvi nyingi, hili ukashindwa? Nimezunguka jiji zima natafuta mahali pa kuuweka mkono wako, kumbe hukuuandika. Na mimi nilikuwa nakuosha kila asubuhi. Mkono ule wa kushoto niliuinua mimi mwenyewe kuupitisha kwenye nguo, ulivyokuwa hauna nguvu. Nilijua. Sikutaka kujua. Na ninakukosa mpaka nashikwa na hasira.

Leo nimeandika mistari minne. Wa kwanza ni mbaya, wa pili nimeufuta mara tatu. Kinanda kinatosha. Kinabaki hata na nafasi.

Pumzika sasa, Mama wangu, mimi narudi kwenye daftari. Papa Ilunga atanuna, wamama watageuza shingo, lakini nakuahidi: Jumapili sitapiga kama wewe.

Mwanao,
Nadine